Mama Nafasi na Tairi Pana za Nyuma

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa Septemba, saa kumi na moja jioni, mkuu wa kitengo chetu cha magurudumu atastaafu rasmi baada ya kuitumikia gereji hii kwa miaka thelathini na tatu, miezi minne na siku kumi na tisa. Hizo siku kumi na tisa amezitia mwenyewe. Nilipompelekea rasimu ya wasifu huu nilikuwa nimeandika "zaidi ya miaka thelathini na tatu," naye akapiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Zaidi ni kiasi gani?"

Wote tunamwita Mama Nafasi, na wapo wageni hapa wanaodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Jina hilo limetokana na swali lake. Fundi yeyote akitangaza kwamba amemaliza kufunga gurudumu, yeye huinama, hupitisha mkono kati ya tairi na madgadi, kisha huuliza, "Nafasi iko wapi?" Ukimjibu ipo, atataka kujua ni vidole vingapi. Ukimwambia viwili, atauliza vya nani.

Mimi ni mtunza stoo. Sikuchaguliwa kuandika kwa sababu ni mjuzi wa kalamu. Nimechaguliwa kwa kuwa, katika waliobaki, ndiye niliyefanya naye kazi miaka mingi zaidi, na kwa sababu nyingine inayohusu uzito wa mwili wangu, ambayo itajulikana huko mbele.

Mama Nafasi hakuajiriwa kufunga tairi. Aliajiriwa kushona. Zamani hizo gereji ilikuwa na kitengo cha viti vya magari, chumba cha nyuma chenye dirisha moja linalotazama uchochoro, vyerehani viwili na meza ndefu iliyojaa vipande vya ngozi bandia. Alishona humo miaka sita. Kisha vikaja madukani vitambaa vya viti vilivyokwisha kushonwa, wateja wakapungua, na mwanzilishi wa gereji, ambaye sote tulimwita Mzee, akafunga kile chumba. Mwenzake wa cherehani cha pili aliondoka. Yeye alipewa nafasi ya kukaa mapokezi, akaikataa. Akaomba kwenda kwenye magurudumu.

Fundi Mkuu wa wakati huo, mtu wa kifua kipana na sauti ya kutwanga, alicheka mpaka akafuta macho. "Rimu si kola ya shati, dada," alimwambia.

"Kola ikienda upande, shati linavaliwa hivyo hivyo," alijibu. "Gurudumu likienda upande je?"

Fundi Mkuu aliacha kucheka, akampa ufagio na debe la nati za kuosha. Mwaka wa kwanza aliziba pancha. Mwaka wa pili alikabidhiwa mashine ya kuvulia tairi, na hapo ndipo tulipoanza kumtazama vizuri. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na gurudumu la lori lina uzito wake, lakini alijitungia namna ya kulipandisha kwa mtaimbo mfupi na kisigino, kiasi kwamba majeba waliokuwa wakilikumbatia gurudumu kama wanacheza mieleka waliona haya, wakajifunza kwake kimyakimya.

Miaka hiyo ndiyo magari ya spoti yalipoanza kuingia kwa wingi, mengi yakiwa yameshatumika, na wenye nayo wakawa na ombi moja: tuwafungie tairi pana zaidi nyuma. Sababu ya maana ipo. Gari ambalo injini yake inasukuma magurudumu ya nyuma, ukiongeza mpira unaogusa barabara, linashika vizuri zaidi likiondoka na likitoka kwenye kona. Na tuseme kweli, wengi hawakufuata mshiko. Walifuata umbo. Fundi Mkuu aliwahudumia kwa jicho na nyundo: tairi ikiingia, imeingia; ikigusa madgadi, madgadi inapigwa. Mama Nafasi alishika tochi, akaandika namba katika daftari la shule la kurasa tisini na sita.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili, asubuhi ya Jumatano, aliingia mteja ambaye ndiye aliyegeuza kila kitu. Alikuwa mwanamke mrefu, miwani yake imefungwa kamba shingoni, aliyestaafu ualimu wa udereva. Miaka ishirini na minane alikuwa amekaa kiti cha abiria katika vigari vyenye breki mbili, na hakuwahi hata mara moja kuzidi kilomita sitini kwa saa. Alipostaafu, wiki ya kwanza tu, alinunua gari la spoti la rangi ya fedha, la viti viwili, lenye umri wa kutosha kupata kitambulisho. Tatizo lake lilikuwa mvua. "Nikikata kona kukiwa na maji, mkia unanitoroka," alieleza. "Nimevumilia miaka ishirini na minane. Sasa nataka kwenda, lakini nataka na kufika."

Fundi Mkuu alikuwa amebanwa na malori ya mteja mkubwa. Mzee akamwita Mama Nafasi. "Hii ni yako, peke yako," alimwambia. "Ikitoka vizuri, kitengo kitakuwa na mafundi wakuu wawili."

Mwenye kushona miaka sita akiambiwa hivyo hahitaji kuambiwa mara ya pili. Alifanya kazi ile siku tatu. Tairi za zamani zilikuwa na upana wa milimita mia mbili ishirini na tano. Alichagua za mia mbili hamsini na tano, na rimu pana zaidi za kuzibeba. Alijua kwamba upana ukiongezeka, ubavu wa tairi lazima ufupishwe ili kimo kibaki kilekile, la sivyo mshale wa mwendo utaanza kusema uongo. Alijua kwamba rimu mpya ikikaa ndani sana itagusa shokapu, na ikikaa nje sana itakutana na ukingo wa madgadi. Alipima kwa utepe wake wa kushonea, maana hakuuamini mwingine. Alisugua habu, pale rimu zinapokaa, kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa. Nati alizianza kwa mkono, akazikaza kwa kupishanisha, akamaliza kwa spana ya kupimia nguvu. Ndani palibaki vidole viwili, nje kimoja. Mzee aliliendesha kuzunguka mtaa, akarudi anatabasamu.

Jumamosi adhuhuri gari lilisimama uani, limekaa chini kwa kujiamini, mgongo umetanuka, na sote tulitoka kulitazama. Mzee alilipiga picha na Mama Nafasi akiwa kando yake, akaisafishisha haraka na kuitundika mapokezi jioni ileile. Mwalimu alikuja na dada yake, wakatia begi kubwa nyuma ya viti, wakaondoka. Magurudumu ya zamani yalibaki stoo kwangu kwa kuwa hayakuwa na pa kukaa.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi Mama Nafasi alikuwa anafagia. Ukiwa fundi anayetarajia cheo huna haja ya kufagia, lakini yeye amefagia sehemu yake mpaka wiki hii. Kwenye lango letu pana mfereji wa maji ya mvua, na kila gari linalotoka hubonyea kidogo pale. Kandokando ya mfereji aliona chembe nyeusi za mpira, nyembamba, zilizojikunja, kama zile zinazobaki mtoto akifuta kosa kwenye daftari. Zilikuwa mahali pawili, kushoto na kulia, na umbali kati yake ulikuwa umbali wa magurudumu ya nyuma ya gari lile. Alipima.

Alizileta stoo kiganjani. Hakusema salamu. "Nilipima likiwa tupu," aliniambia. "Mzee alilijaribu peke yake, na Mzee ni mwembamba. Limetoka hapa na watu wawili, na begi, na tangi limejaa."

Fundi Mkuu alikuwa amesimama mlangoni akisubiri boksi la nati. Alizitazama zile chembe, akatikisa kichwa. "Mpira kwenye gereji ya tairi, nawe unashangaa? Hiyo ni kushangaa unga kwenye kinu." Kisha akapunguza sauti, na nataka ieleweke kwamba hakuwa mtu mbaya, alisema kama kaka. "Dada, ukilipeleka hili kwa Mzee, hatakupa tena kazi ya namna hiyo. Picha ndiyo kwanza imekauka. Liache likae."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wahenga hawakuwa wamesubiri cheo miaka kumi na miwili. Mama Nafasi alifunga kiganja, akaenda ofisini kwa Mzee, na alipopita mapokezi aliishusha ile picha ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee alimsikiliza, akapiga simu nyumbani kwa mwalimu. Alipokea mpangaji. Mwalimu na dada yake, alisema, wameondoka saa nzima iliyopita. Wanakwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa, safari ya kilomita mia tatu. Mzee alirudisha simu mahali pake taratibu. "Chukueni pikapu," alisema.

Niliendesha mimi, kwa sababu Mama Nafasi hakuwa na leseni. Tulipakia magurudumu ya zamani, jeki na spana. Najua mnachofikiri: kulifukuza gari la spoti kwa pikapu iliyokuwa inakohoa mlimani ni kumfukuza swala kwa kiti. Lakini tulikuwa na matumaini mawili. Kwanza, aliyekuwa mbele yetu alikuwa mwalimu wa udereva. Pili, dada yake alionekana mtu wa kutaka chai njiani.

Kila kitu kilichokuwa pembeni ya barabara, uwe mkokoteni, liwe gari bovu, Mama Nafasi aliinuka kidogo kitini kukitazama. Mbele ya kona moja tuliona watu wamekusanyika. Hapo ndipo aliponishika mkono. "Ikiwa ni wao, usinifariji," alisema. "Fungua tu mlango nishuke."

Hawakuwa wao. Watu walikuwa wanamsaidia mwenye ng'ombe.

Tuliwakuta kilomita themanini kutoka hapa, mbele ya duka la mabati. Gari la rangi ya fedha lilikuwa limeegeshwa nje kabisa ya lami, pembe tatu ya tahadhari imewekwa nyuma yake kwa hatua zilizohesabiwa, dada amekaa juu ya begi na chupa ya chai, na mwalimu amesimama mikono nyuma kama anasimamia mtihani. Alitueleza kwamba kila barabara ilipobonyea alisikia mguno upande wa nyuma. Mguno wa kwanza alidhani ni begi. Wa pili alimwambia dada yake anyamaze. Wa tatu alitoka barabarani. "Gari likisema mara tatu," alituambia, "anayesubiri ya nne si dereva."

Mama Nafasi alilala chali chini ya madgadi ya kushoto na kupitisha mkono juu ya tairi. Ukingo wa chuma ulikuwa umechimba mfereji kulizunguka bega zima la tairi, na sehemu moja nyuzi za ndani zilikuwa zimeanza kuonekana. Zilikuwa zimebaki kilomita mia mbili na ishirini za safari ile, nyingi zikiwa za mteremko. Alitoka chini ya gari, akakaa mchangani, akajifuta mikono ingawa haikuwa michafu.

"Mwalimu, kosa ni langu," alisema. "Nilipima gari likiwa tupu, na gari halisafiri tupu. Si rimu, si tairi, si barabara. Ni mimi."

Dada mtu aliwaka, na alikuwa na haki. Alisema wangekufa, mjukuu hawajamwona. Alisema watu wasiojua kazi waache kazi. Mwalimu alimwacha dada yake amalize, kisha akainua mkono kidogo.

"Nimefundisha watu zaidi ya elfu mbili," alisema. "Mwanafunzi akigonga nguzo, ni nguzo iliyosogea. Akizima injini, ni jua. Wewe umekuja kilomita themanini kuniambia ni wewe." Alivaa miwani yake. "Nifungie hayo ya zamani nikamwone mjukuu wangu. Nikirudi utaanza upya. Wewe, si mwingine."

Tuliyafunga magurudumu ya zamani kwa dakika ishirini na tano. Mwalimu alitupimia kwa saa yake. Nati ya kwanza Mama Nafasi aliidondosha mara mbili. Hilo sijalisema kwa mtu mpaka leo, na najua kalamu nyekundu italipitia.

Tukirudi, alilia kidogo tulipovuka daraja. Nilifanya kama alivyoniagiza, sikumfariji. Kwenye kituo cha mafuta aliomba nisimame, akanawa uso kwenye bomba, akarudi, akafunga mlango, akanitazama kuanzia kichwani mpaka magotini.

"Ndugu yangu," aliuliza, "wewe una kilo ngapi?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza utumishi wangu wa pili katika gereji hii. Mizani ya stoo ilisema kilo mia na kumi na mbili. Mwalimu aliporudi wiki iliyofuata, mimi niliwekwa kiti cha abiria, magunia ya mchanga yakawekwa nyuma ya viti, na kiti cha dereva kikabaki wazi kwa sababu hapakuwa na mwingine wa uzito wa kutosha ila Fundi Mkuu. Mama Nafasi alimwomba kwa heshima zote. Fundi Mkuu alitazama dari, akatazama saa, akaingia. Mabega yetu yaligusana, hatukutazamana.

Kilichofuata ndicho kinachofundishwa hapa mpaka leo. Mama Nafasi alibandika mabonge ya udongo wa kuchezea watoto ndani ya madgadi, juu, pembeni na karibu na shokapu. Udongo ule ulikuwa wa binti yake, wakati huo mwenye miaka saba, na sehemu yake kubwa ilikuwa ng'ombe aliyetengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya shule. Gari lenye mzigo lilipitishwa taratibu juu ya mbao, likabonyezwa na kutikiswa, likageuzwa kushoto na kulia. Kisha magurudumu yakatolewa, na unene wa udongo uliobaki ukapimwa. Palipobaki unene wa kidole, pana nafasi. Palipobanwa mpaka chuma kikaonekana, tairi ingegusa. Kichwa cha ng'ombe kilikuwa kimekuwa kama chapa ya sarafu. Binti yule leo ni mpimaji wa ardhi, na bado anadai fidia ya mfugo.

Udongo ulisema mambo mawili. Tairi ilikuwa imezidi milimita kumi kuliko gari lilivyoweza kubeba, na ukingo wa madgadi ulihitaji kukunjwa kwa ndani. Mama Nafasi alibadilisha tairi akaweka za mia mbili arobaini na tano. Ukingo aliupasha moto ili rangi isipasuke, akaukunja kwa rola kidogo kidogo, bila nyundo, kama anayekunja pindo la gauni. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha plastiki siku nzima, kalamu mkononi, akiandika. Tulidhani anaandika malalamiko. Alikuwa anampa alama.

Alipomaliza, tulipita juu ya ule mfereji wa langoni, mara nne, tumejaa. Mama Nafasi alikuwa amepiga magoti pembeni, sikio limeelekea kwenye tairi. Hakuna kilichosikika isipokuwa mimi ninavyohema. Fundi Mkuu alishuka, akanyoosha mkono wake mkubwa. "Nipe hilo daftari," alisema. "Ninakili."

Mwalimu aliliendesha gari lile miaka kumi na mmoja zaidi, mvua na jua, na mkia haukumtoroka tena. Kila baada ya miezi sita alilileta likaguliwe, na kama malipo ya urafiki alijitolea kumfundisha Mama Nafasi udereva. Nalisema kwa upendo: fundi wetu alianguka mtihani mara mbili. Mara zote mbili alisimamisha gari katikati ya mtihani ili asikilize. Mara ya tatu mwalimu alimshauri asikilize kwa ndani, akafaulu.

Katika mwaka wa kumi na tano wa Mama Nafasi hapa, Fundi Mkuu alistaafu. Siku ya kuagwa kwake alisimama mbele ya watu wote na wake zao na watoto wao, akasema maneno ambayo hayakuwa kwenye ratiba: "Nilimwambia aliache likae. Angenisikiliza, leo ningekuwa nabeba kitu ambacho hakitui." Kisha akamkabidhi ufunguo wa kabati la kitengo. Kuanzia siku hiyo Mama Nafasi amekuwa mkuu wa magurudumu. Ni mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho hapa, na tunalisema hilo kwa fahari, ingawa yeye husema fahari ifungwe kwanza, ikazwe baadaye.

Magari aliyoyafungia tairi pana za nyuma, kwa mujibu wa madaftari yake kumi na saba, ni mia sita na kumi na manne. Katika hayo, lililorudi likiwa linagusa ni moja. Kila mara meneja anapowaambia wageni kwamba halijawahi kurudi hata moja, yeye humsahihisha papo hapo. Meneja, ambaye ni binti wa Mzee, ameshazoea, na siku hizi humsubiri.

Zipo kazi alizozikataa pia, na hizo hazimo katika idadi. Kijana mmoja mwenye duka la simu alitaka tairi zitokeze nje ya madgadi kiganja kizima. Mama Nafasi alimweleza kwamba ukipanua nyuma bila kufikiria mbele, mbele inakuwa mvivu: unakata kona, gari linaendelea na safari yake. Alimweleza kuhusu mawe yatakayorushwa na beringi zitakazokufa mapema. Kijana alisema yeye anataka tu lionekane. "Litaonekana, kaka," alimjibu, "hata likiwa juu ya gari la kuvuta mabovu." Kijana aliondoka amenuna, akarudi baada ya siku mbili, akaomba aonyeshwe saizi inayofaa. Leo ni mteja wetu, na anawasimulia wenzake hadithi ya beringi kama kwamba ni yake.

Nyumbani Mama Nafasi ana mume ambaye ni fundi viatu, mtu wa mizaha, anayesema kwamba wao wawili wanafanya kazi moja, mpira na miguu, ila wateja wake yeye hulalamika kwa mdomo. Tunamshukuru kwa miaka yote aliyoshona soli peke yake jioni akimsubiri mkewe amalize kukaza nati ya mwisho. Mafundi tisa wamepita mikononi mwa mkewe. Watano bado wako hapa, wawili wamefungua gereji zao, na wawili wako nje ya nchi ambako, tunaambiwa, wameshawahi kuulizwa udongo wa kuchezea ni wa nini.

Ijumaa iliyopita aliingia mteja na gari jeusi la spoti, akamtaka Mama Nafasi kwa jina. Mama Nafasi alimkaribisha, akamwonyesha mrithi wake, fundi aliyefanya naye kazi miaka tisa, mtu wa maneno machache tunayemwita Mpole. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Alikwenda kukaa kwenye benchi la wateja. Akaweka mikono mapajani.

Mpole alipima, akabandika, akashusha gari, akalipandisha. Alipofika kwenye kuamua kama ukingo ukunjwe au uachwe, aligeuka kumtazama, kama tulivyozoea kugeuka sote. Mama Nafasi alikuwa ameelekeza uso barabarani, anatazama watu wanavyopita. Mpole alisubiri. Mimi nilisubiri. Mteja naye, bila kujua anasubiri nini, alisubiri. Hakugeuka. Basi Mpole akarudi kwenye gurudumu, akapima tena, akaamua mwenyewe, akaandika namba kwenye daftari lake.

Gari jeusi lilipotoka, Mama Nafasi alisimama, akajinyoosha mgongo, akaniambia benchi lile ni gumu na wateja wetu wamekuwa wakivumilia miaka yote. Ameacha maagizo liwekewe mto.

Mama Nafasi, kwa niaba ya meneja, ya mafundi wote na ya mteja yeyote ambaye leo yuko barabarani mahali fulani na wala hajui kwa nini amefika salama, tunakushukuru. Ulitufundisha kazi, na ulitufundisha kusema "ni mimi" kabla ya kuulizwa. Uwe na afya, wewe na fundi viatu wetu. Asubuhi zako ziwe ndefu, wajukuu wakuchoshe vizuri, na siku ukitukumbuka, lango liko wazi na chai ipo. Uishi kwa amani, dada yetu.